Ruhusa ya Joweria

Kazi yangu ni kusimama. Watu wa kwetu Nyeri wakiniuliza nafanya nini Dubai, nawaambia niko kwenye ulinzi, nao moja kwa moja huwaza bunduki na mbwa. Siwakatizi. Ukweli ni kwamba nalinda chumba kimoja katika nyumba ya kale kando ya hori la bahari, nyumba iliyogeuzwa makumbusho. Ina kuta za mawe ya matumbawe, mnara wa upepo, ua wenye mkunazi katikati, na vyumba vinne vya giza giza ambamo wageni huonyeshwa jinsi watu wa zamani walivyoishi. Nasimama saa kumi na mbili kwa siku, na sentensi niliyoruhusiwa kusema ni moja tu: tafadhali usiguse. Mtu akigusa mara ya pili, namtolea macho.

Chumba changu ni cha mwisho, cha wanawake. Mna jamvi na mito, kasha la njumu, madele ya kahawa, na kwenye kona, ameegemea ukuta, kuna bibi mmoja ameketi. Bibi huyo ni sanamu. Lakini aliyemtengeneza hakuwa na mchezo: barakoa usoni, macho yameinama kidogo, mkono mmoja juu ya goti kama anayengoja kikombe. Taa ni moja, tena hafifu. Ukiingia mle kutoka kwenye jua la Agosti, huoni kitu kwa muda, na ukianza kuona, wa kwanza kumwona ni yeye. Nimeshuhudia Mzungu mzima akimwomba radhi kwa kukanyaga jamvi lake.

Ndani ya ukuta wameficha spika. Hutoa sauti za wanawake wakicheka, kinu kikitwangwa, maji yakimiminwa. Dakika saba, halafu kimya cha dakika moja, halafu kinu tena. Mwaka wa kwanza nilitamani kuipiga teke ile spika. Siku hizi naiota. Kuna saa za mchana ambapo hamna mgeni hata mmoja, hewa ya baridi inatoka chini polepole, na mimi nimesimama pale sijui kama niko macho. Hata nikiwa kitandani kwangu Deira, kinu nakisikia.

Joweria nilikutana naye kituo cha basi Rashidiya, na tulianza kwa ugomvi. Nilimwuliza, "Sista, hii basi imeenda Deira ama bado?" Akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu. Akasema, "Hili basi, dada. Nalo bado halijaenda." Nikaona ajabu. Sisi Wakenya tuna mzaha wetu kuhusu Waganda na Kiswahili, na hapa nasahihishwa na Mganda wa Masaka, hadharani, mbele ya Wapakistani! Nilikasirika hadi basi likaniacha. Naye likamwacha, kwa sababu alikuwa anacheka. Ndiyo hivyo tukawa marafiki.

Kiswahili chake alikipata wapi? Kwa Bi Hilwa. Joweria alikuwa mfanyakazi wa nyumbani, kazi yake kumtunza mama mzee, mama yake Madam Aseel, katika nyumba moja kubwa huko Rashidiya. Bi Hilwa alizaliwa hapa hapa Dubai, baba mtu wa hapa, lakini mama yake aliletwa kutoka Unguja akiwa bibi harusi. Mama huyo Kiarabu hakukipenda hata kidogo. Wanawe aliwalea kwa Kiunguja, akawagombeza kwa Kiunguja, akawaimbia kwa Kiunguja. Basi Joweria alipofika na kile Kiswahili cha Uganda cha kuokoteza sokoni, Bi Hilwa alikitazama akakionea huruma. Alimfundisha kila siku, jikoni, sebuleni, mpaka bafuni. Alimfundisha na shikamoo, maana kwao Joweria hawana shikamoo. Wao wana magoti. Mwanamke wa Kiganda akimwamkia mkubwa hupiga magoti, huinamisha uso, na hainuki mpaka aitikiwe. Joweria akaziunganisha mbili hizo: shikamoo ya Unguja, magoti ya Masaka. Bi Hilwa alifurahi sana. Alisema hajawahi kuamkiwa hivyo tangu azaliwe.

Kisha akaanza kusahau.

Kwanza alisahau simu inavyotumika, wakacheka. Akasahau majina ya wajukuu, hawakucheka tena. Kisha Kiarabu chenyewe kikaanza kumtoka, neno moja moja, mpaka kikabaki kile Kiswahili cha mama yake. Na Madam Aseel Kiswahili hajui. Hebu fikiria: mtu akitaka kujua mama yake mzazi anasema nini, lazima amwulize mfanyakazi. Joweria alikuwa katikati yao, anapeleka maneno huku, anarudisha huku. Alisema kuna siku aliyarekebisha kidogo njiani ili yasiumize. Sikumlaumu.

Mwisho Bi Hilwa akamsahau na Joweria. Kila asubuhi Joweria alipofungua pazia, bibi alimtazama kwa upole akasema, "Karibu, mgeni. Umetoka wapi?" Miaka kumi na moja ya kumwogesha mtu, kumlisha, kumkata kucha, na kila asubuhi unakaribishwa upya. Joweria alikuwa akiniambia hayo huku akicheka, na mimi namjua, akicheka hivyo jua ana uchungu.

Mwezi wa Agosti mwaka huu mkataba wake uliisha, naye akaamua khalas, anarudi. Alikuwa na sababu. Binti yake Shadia alimwacha ana miaka minne kwa dada yake, sasa ana kumi na mitano. Tiketi ilikuwa ya Alhamisi. Begi lilifungwa, likapimwa, likafunguliwa, likafungwa tena. Lakini kulikuwa na jambo moja lililomkosesha raha, na kwa jambo hilo nilimwona mpumbavu.

Kwao huondoki nyumbani kwa mkubwa hivi hivi tu. Wana neno lao, kusiibula. Unapiga magoti, unasema nakwenda, na yule mkubwa anakuruhusu kwa kinywa chake, kwa jina lako. Ukiondoka bila hayo umetoroka, hata kama una tiketi na pasipoti na mhuri. Joweria alijaribu wiki mbili. Kila jioni alipiga magoti mbele ya Bi Hilwa: "Bibi, naomba ruhusa. Nakwenda kwetu." Na Bi Hilwa, kwa adabu yake yote, alimjibu, "Mbona mapema, mgeni? Ndiyo kwanza umefika. Kaa unywe kahawa."

Nilimwambia kwenye simu, "Si umwambie tu bye, uende! Utamisi ndege juu ya magoti?"

"Nyinyi Wakikuyu," akasema, "mnaaga kama watu wanaofunga duka." Akakata simu. Hakuniongelesha siku mbili, na ilibidi mimi niombe msamaha, jambo nisilolipenda.

Nikiomba msamaha ndipo jambo lenyewe lilipojitokeza. Nilikuwa nampigia hadithi za kazini ili acheke, nikamweleza kuhusu dari la chumba changu. Dari ni la boriti, zile nguzo za mikoko zilizotoka pwani ya kwetu zamani, zimepangwa safu moja, zote zimenyooka isipokuwa moja, ile ya tatu kutoka mlangoni, ambayo imepinda. Huwa naitazama nikichoka.

Joweria akanikatiza.

"Imepinda kuelekea dirishani?" akauliza.

"Eeh. Umejuaje?"

"Hiyo ni Kibyongo."

Kumbe Bi Hilwa, katika yote aliyoyasahau, kitu kimoja hakikumtoka: chumba alicholala utotoni na boriti iliyopinda juu yake, ambayo yeye na ndugu zake waliipa jina Kibyongo. Mama yao alikuwa akiwaambia, "Mimi na haya maboriti tumetoka mahali pamoja." Joweria alimwuliza madam. Madam akakubali, ndiyo, nyumba ile ilikuwa ya babu yake, familia ilihama zamani, na tangu igeuzwe makumbusho hajawahi kumpeleka mama yake. Daktari alisema atafadhaika. Huenda akagoma kutoka.

Siku chache baadaye Madam Aseel akamwita Joweria sebuleni. Alitaka kumpa zawadi ya kumuaga, akamwambia achague, bangili au mkufu. Joweria alisema, "Madam, naomba nimpeleke Bibi kwenye ile nyumba. Nataka kumuaga pale." Madam alirudisha bangili na mkufu ndani ya boksi. Mwisho akasema: Jumanne, saa moja tu, dereva angoje nje.

Hapa lazima nikiri kosa langu. Katika hadithi zote nilizompa Joweria kuhusu chumba changu, sikumwambia neno kuhusu yule sanamu. Makusudi. Nilimjua yeye na magoti yake, nikalijua na giza la mle ndani. Nilitaka nicheke kidogo kabla hajaenda, nipate cha kumtania miaka ijayo. Mimi ndivyo nilivyo.

Jumanne ilikuwa kimya. Niliwasikia kabla sijawaona, maana Bi Hilwa alianza kuzungumza tangu uani. "Mkunazi wameukata tawi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyerudi kutoka dukani akakuta kitu kimehamishwa. Akapapasa ukuta. Walipofika mlangoni kwangu alisimama, akavua ndara zake, akazipanga pamoja. "Vua viatu, mgeni. Mama hapendi mchanga ndani."

Joweria akavua. Kisha akatangulia kupita kizingiti, mkono wa bibi ameushika nyuma, akitafuta sakafu kwa vidole vya miguu. Aliponiona alitaka kutabasamu. Ndipo macho yake yakazoea giza, akamwona yule aliyeketi kwenye kona.

Akashuka. Magoti yote mawili, palepale kwenye jamvi, uso chini, mkono wa Bi Hilwa bado ameushika. "Shikamoo, bibi."

Na spika ikanyamaza wakati huohuo. Dakika saba zilikuwa zimekwisha.

Joweria akangoja. Hakuinua uso, kwao hawainui. Alikuwa mle jamvini anangoja aitikiwe na kitambaa na pamba, nami nimeng'ata mdomo, cheko limenijaa puani. Kidogo likanitoka. Nikajifanya nakohoa.

Kisha nikamtazama Bi Hilwa, na cheko likaisha.

Alikuwa amenyooka. Sijui niseme nini zaidi. Yule mzee aliyeingia akiwa ameinama, akivuta miguu, alikuwa amesimama wima kama msichana aliyeitwa jina lake. Macho yake yalikuwa kwa sanamu. Akainua uso kidogo darini, akaitazama boriti ya tatu, akarudi chini.

"Mama," akasema. "Mbona humwitikii? Ni Joweria huyo."

Joweria aliinua kichwa. Nilimwona akiona: mshono kwenye kidole, rangi machoni, pamba. Alielewa yote kwa mara moja, akageuka akanitazama, na mimi nilitaka ardhi inifiche. Angeweza kusimama pale. Hakusimama. Aliinamisha uso tena, akajigeuza magotini kidogo tu, akaelekea upande wa Bi Hilwa.

"Bibi," akasema. "Naomba ruhusa. Nakwenda kwetu."

Bi Hilwa akaketi. Aliketi kwenye jamvi la makumbusho, ubavuni mwa sanamu, bega kwa bega. Kazi yangu yote ilikuwa kuzuia kitu kama hicho. Sentensi yangu ya pekee ilinijia kinywani nikaimeza.

"Mama, huyu kanilea," akasema Bi Hilwa. Hakuwa akisema nasi. "Mie mtu mzima, kanilea. Kanikosha, kanilisha, hata siku moja hajanipigia kelele. Kiswahili chake kilikuwa kibovu, mama, ungecheka. Mie ndiye niliyemtengeneza." Akatengeneza ukingo wa nguo ya sanamu. "Ana mtoto kwao. Shadia. Kamwacha mdogo, kaja kunitazama mie. Kila siku ananiomba ruhusa. Mpe wewe, mama. Mie nikimpa, ataondoka."

Joweria alikuwa analia, wala hakujificha. Mimi pia. Nilijiegemeza mlangoni nikaomba Mungu asije mgeni.

Sanamu haikusema kitu, naye Bi Hilwa aliingoja kama tulivyoingoja sote. Nakwambia niliingoja na mimi. Baadaye akapumua.

"Kanyamaza," akasema. "Mama akinyamaza karidhika." Akanyoosha mkono, akauweka juu ya kichwa cha Joweria, kwenye mtandio. "Marahaba, mwanangu. Haya, Joweria. Nenda kwa mwanao. Nenda salama, na ukifika, nijue."

Kinu kikaanza kutwangwa. Wanawake wa ndani ya ukuta wakacheka. Joweria akainuka.

Hakugoma kutoka, yule mzee. Alivaa ndara zake akashikwa mkono, akapita mkunazi, akaenda. Joweria alinipigia jioni. Alisema hawakufika hata kwenye taa za kwanza za barabarani, Bi Hilwa akamgeukia ndani ya gari akamwambia, "Karibu, mgeni. Umetoka wapi?" Nikashtuka, nikamwuliza, "Sasa?" Akasema, "Sasa nini? Nimesharuhusiwa." Halafu akanitukana kwa Kiganda kwa ajili ya sanamu, matusi marefu, nami nikayapokea yote.

Alhamisi akaondoka. Ijumaa nikapata picha. Msichana mrefu, kumshinda mama yake, yuko magotini kwenye lami nje ya uwanja wa Entebbe, watu wenye mikokoteni wanamzunguka, na Joweria ameinama anamwinua. Chini ameandika: nimefika.

Sikujua kama niende Rashidiya nimwambie mzee. Ningewaambia nini watu wa nyumba ile, na mzee mwenyewe angejua nini? Nikaacha.

Wiki tatu baadaye, mchana wa kimya kama ule, niliona ndara zimepangwa pamoja mlangoni. Safari hii aliyemshika Bi Hilwa mkono alikuwa Madam Aseel mwenyewe, mwenye abaya nzuri na miwani ya jua ameiinua kichwani. Alikuwa amechoka. Alinieleza kwa Kiingereza, kana kwamba ananiomba radhi, kwamba mama yake halali, hali chakula, anasema neno lilelile tu na hakuna nyumbani anayelielewa. Alidhani pengine hapa litaeleweka. Bi Hilwa alimpigapiga binti yake mkononi, kwa heshima, kama unavyompoza mtu usiyemjua. "Pole, mgeni," akamwambia.

Akaketi mahali pake, bega kwa bega na sanamu. Alitazama jamvi pale mbele, pale hasa ambapo magoti yale yalikuwa, na pakapita muda. Spika ikanyamaza.

"Mama," akasema. "Joweria kafika?"

Madam Aseel akanigeukia haraka. "Hilo ndilo neno lenyewe," akasema. "Anasema nini?"

Nilikuwa na sentensi moja tu niliyoruhusiwa kusema mle ndani. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa sanamu, gizani, ambapo Bi Hilwa hawezi kuniona. Sikumjibu madam. Nilimjibu aliyeuliza.

"Kafika, mwanangu," nikasema. "Kafika salama. Shadia kampokea."

Bi Hilwa hakutafuta sauti imetoka wapi. Aliigeukia ile barakoa, uso wake wote umefunguka, akalaza kichwa kwenye bega la kitambaa.

"Kumbe hujalala, mama," akasema.

Kisha wanawake wakaanza kucheka ukutani, na maji yakamiminwa.